Ubeti Nilioruka Mbele ya Baba

Uyole, Mbeya
Jumatano jioni

Atupele mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua hatakuachia kabla hujala, kwa hiyo nina kama saa mbili za kuandika bila wewe kunichungulia begani. Habari za sweta, za kutokula ovyo njiani na za kutomwachia mtu begi lako, baba yako ameshakwambia mara tatu, na kesho stendi atakwambia ya nne. Mimi sina maagizo. Nina habari moja tu, na nimeikalia karibu miaka hamsini.

Nianze na Jumapili. Tulipotoka kanisani ulisimama mbele ya televisheni ukatusomea ule mchezo wa redio uliouandika kwenye usaili, ule uliokupatia kazi ya uandishi Dodoma. Tulicheka jamani! Baba yako chai ilimpalia, na mimi, mwalimu mstaafu ambaye wanafunzi walikuwa wakisema hana meno ya kuchekea, nilishika mbavu. Yule Mama Kelele wako, muuza nyanya wa barabarani, anayepiga ubavu wa basi mara mbili kwa pete yake, anayemwita kila abiria "mgeni wangu", anayewapigia makelele maofisa waliokuja kumtaka ahamie soko jipya, halafu mwishoni anaimba kwamba sasa ameelimika. Umeandika vizuri mno. Nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka thelathini, kitu kizuri nikikisikia nakijua.

Kisha nikaenda jikoni kuosha vikombe, na katikati ya kuosha nikaacha. Mtu anayepiga ubavu wa basi mara mbili kwa pete na kuita watu "mgeni wangu", mimi namjua mmoja tu. Ni mama yako mdogo Yusta, mdogo wangu wa tumbo moja, aliyekulea kule Nyololo likizo zako zote za shule ya msingi.

Nilitaka nirudi sebuleni nikugombeze. Nikajikuta sina mdomo wa kukugombeza nao. Ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu.

Hadithi ya mama yako na ngonjera umeisikia tangu ukiwa mgongoni. Mtoto wa kike wa darasa la sita, peku, katoka kijiji cha Mufindi ambacho hata kwenye ramani hakimo, akatunga ngonjera mwenyewe, akaighani mbele ya mgeni kutoka wilayani, akapewa kitabu na kalamu ya wino, na jina lake likaandikwa, na baadaye akachaguliwa kwenda sekondari. Hiyo nimeisimulia harusini, nimeisimulia siku ya kustaafu kwangu, wewe mwenyewe umeisimulia shuleni kwenu ukapigiwa makofi. Ni ya kweli. Ila siku zote nimeisimulia nusu.

Wewe ngonjera umezikuta kwenye vitabu, mwalimu akiwaandikia ubaoni fani na maudhui. Sisi tulizila kama ugali. Tulikuwa ndiyo kwanza tumehamishwa kutoka mabondeni tulikozaliwa, tumepangwa kando ya barabara, nyumba kwa mistari, nyingine hazijaezekwa. Palikuwa na redio moja, kwenye ofisi ya kijiji, na jioni watu wazima walikwenda kuisikiliza kama wanakwenda ibada. Asubuhi shuleni tuliimba, mchana kwenye shamba la shule tuliimba, tukipokea mgeni tuliimba. Bepari, kabaila, mnyonyaji, kupe, mrija: maneno hayo niliyajua kabla sijajua majina ya Kiswahili ya ndege wa kwetu. Nyumbani tulisema Kihehe. Kiswahili kilinijia kikiwa kimeshavaa sare.

Sikiliza lakini, usije ukafika Dodoma ukasema mama yako anaitukana siasa ile. Siasa ile ndiyo iliyomfuata mtoto wa kike kule kwenye mianzi ikamkalisha kwenye dawati. Siasa ile ndiyo iliyofanya mimi Mhehe nikutane na baba yako Mnyakyusa chuoni, na wazee wakakubali baada ya kununa mwezi mmoja tu. Mambo mengine tuliyaamini kwa moyo wote, na yalikuwa mazuri, na bado naona yalikuwa mazuri. Ninachokwambia ni kitu kingine.

Mwalimu mkuu alitutangazia kwamba mgeni anakuja, na mwenye kipaji atunge. Nilimpelekea beti nne za kuusifu umoja. Akazisoma, akanirudishia. "Ngonjera bila adui haina chumvi," aliniambia. "Katunge tena. Mtafute mnyonyaji wa hapahapa kijijini, watu wamwone."

Nikaenda kutafuta. Wee! Mnyonyaji nimtoe wapi? Kijiji kizima kilikuwa na baiskeli moja, nayo ya katekista. Nilikaa siku mbili na penseli mdomoni. Siku ya tatu nikarudi nyumbani, nikakuta watu wengi shambani kwetu, kumbe baba alikuwa ameita mgowe.

Wewe umekulia mjini, mgowe umeusikia tu kwa masimulizi. Mvua za kwanza zikishalainisha udongo, mwenye shamba anaita majirani. Wanakuja na majembe yao alfajiri, wanalima kwa mstari huku wanaimba, na shamba ambalo ungelilima mwezi linaisha siku moja. Mama wa nyumba amepika pombe ya ulezi, wakimaliza wanakaa, wanakunywa, wanatukanana utani. Kesho kutwa ni kwa jirani, na wewe unabeba jembe lako unakwenda. Hata mjane aliyekuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, asiye na mtoto wa kumsaidia, shamba lake lililimwa hivyohivyo, na pombe yake ilikuwa mbaya kweli, watu wakainywa wakamsifu.

Siku ile baba alikuwa amekaa. Mama alikuwa mjamzito, akaumwa ghafla, na baba alikuwa ametoka shambani kumkalisha kivulini na kumpepea. Mimi nilimwona amekaa kivulini, watu wanalima, na chungu cha pombe kiko pembeni. Ubeti ukaja wenyewe, sikufuta hata neno moja:

Yuko mtu kijijini, mikono yake laini,
Huwaita majirani, walime, yu kivulini,
Huwalipa kibuyuni, pombe tamu ya chunguni,
Kupe huyu mng'oeni, asinyonye mgongoni!

Angalia ule mstari wa kwanza. Mikono laini! Babu yako alikuwa na mikono ambayo akikushika shavu, inakukwaruza. Mimi niliijua mikono ile kuliko mtu yeyote. Lakini mnyonyaji wa redioni alikuwa na mikono laini siku zote, na kitambi, na mimi kitambi nilikiacha tu kwa sababu baba yangu alikuwa na mbavu za kuhesabika na watu wangenicheka. Nakuapia, Atupele, sikuwa namchukia. Sikuwa hata nikifikiri ninamwandika yeye. Nilichukua kivuli chake na chungu chake na shamba lake, nikamweka ndani yake yule wa redioni, na nilipomaliza sikumwona baba yangu tena. Nilimwona kupe. Tena nilifurahi kwamba vina vimekaa.

Siku ya mgeni nilighani mimi na msichana mwingine. Mimi nilikuwa Mjuzi, yeye Mjinga anayeuliza, na mwishoni Mjinga anafunguka macho anashukuru. Nilipofika kwenye ubeti ule watu walicheka na kupiga vigelegele. Na baba alikuwepo, amesimama nyuma na koti lake la mvua, anatabasamu, maana mtoto wake ndiye aliyesimama mbele. Kiswahili chake kilikuwa cha kubabaisha, nami nilikuwa naghani haraka.

Mgeni akasimama, akanipa kitabu na kalamu, akanishika kichwa. Kisha akageukia mkutano akauliza, "Huyu kupe mnamjua?" Watu wazima walitazama chini. Lakini watoto wadogo hawajui kutazama chini, na wote waligeuka nyuma wakamtazama baba.

Hawakumfunga. Hawakumpiga. Kama ungetaka habari ya virungu, sina. Mwenyekiti wa kijiji alitangaza tu palepale kwamba kuanzia leo, mtu kuwaita wenzake walime shamba lake binafsi ni unyonyaji, na atakayefanya hivyo ataitwa mbele ya kamati. Nguvu zote ziende shamba la kijiji. Watu wakapiga makofi. Mgowe ukafa siku ile. Uliokufa ndio hasa ujamaa tuliokuwa nao kabla hatujafundishwa neno lenyewe, na aliyeuzika ni mimi, kwa mizani minane na minane.

Kwenye shamba la kijiji watu waliitwa majina asubuhi, wakaitika, wakapiga jembe kama wanabembeleza mtoto. Jioni kila mtu akakimbilia shamba lake, peke yake. Yule mjane msimu ule shamba lake lilibaki pori. Kabla ya mavuno alifunga vitu vyake akaenda Chunya kwa kaka yake, na sikusikia habari zake tena.

Baba alilima peke yake. Watu waliokuwa wakimsimamisha njiani kwa salamu, kamwene, kamwene, wakiuliza habari za ng'ombe na za watoto mpaka jua linasogea, sasa walipita na salamu ya haraka. Waliogopa wasionekane wamesimama na kupe. Siku moja mama alinituma nimpelekee togwa shambani. Alikunywa, akafuta mdomo, akaniambia kwa Kihehe, "Nisomee na mimi kile kitu chako. Siku ile sikusikia vizuri."

Nikaghani. Nilisimama palepale kwenye matuta, mikono nyuma kama tulivyofundishwa. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nilipofika kwenye ule, nikauruka, nikaenda wa mwisho.

Baba akasema, "Umeruka."

"Nimesahau, baba."

"Hujasahau."

Akausema yeye. Wote, kwa Kiswahili, neno kwa neno, polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Watoto walikuwa wakiuimba barabarani wakimpita, ameushika. Alipomaliza akasema, "Huo ndio mzuri kuliko yote. Umeutengeneza vizuri." Akachukua jembe, akaendelea kulima.

Hakunionyesha mikono yake. Alichosema hakikuwa kejeli, nilimjua baba yangu, alikuwa fundi wa kusuka vikapu na alikuwa anajua kazi nzuri. Mimi nilibaki na kibuyu mkononi, na neno moja la kumwambia, nisamehe, neno fupi tu, na sikulisema. Nilisema ninarudi shule. Miaka ile iliyofuata kila nikirudi likizo nilikuwa nalo, na kila likizo niliona bado kuna likizo nyingine. Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuo cha ualimu. Nilifika wakati wanasawazisha udongo. Nimeumia kwa ajili ya jambo hili kuliko kwa lolote lililonipata maishani, na mpaka juzi sikuwa nimemwambia mtu, hata baba yako.

Ungefikiri nilikoma. Sikukoma! Nilifundisha, nikatunga nyimbo za kwaya ya shule kila mwaka. Halafu upepo wa nchi ukageuka, wakubwa walewale wakaanza kusema lugha nyingine, na tukaletewa waraka kwamba tuwahamasishe watoto kuhusu ujasiriamali. Nikachukua wimbo wetu wa zamani wa shamba la ujamaa, nikatoa ujamaa, nikaweka ujasiriamali. Neno lilikuwa refu, halikuingia kwenye tuni, ikabidi watoto walikimbize. Na adui je? Wa zamani alikuwa anayefanya biashara yake. Wa sasa akawa anayekaa kusubiri serikali imsaidie. Mstari uleule, kidole kilekile, tumebadilisha tu aliyenyooshewa. Tukashinda mkoani. Nilikuwa na umri wa mtu mzima kabisa, siwezi kusema nilitumwa na mwalimu mkuu.

Sasa turudi kwa Mama Kelele wako.

Umemwandika anapiga makelele. Yusta, mwanangu? Yusta anaongea polepole kiasi kwamba abiria hutoa kichwa chote dirishani wamsikie. Umemsikia maisha yako yote. Makelele yale hukuyatoa kwake, uliyatoa kule ninakokujua mimi, kwa sababu mtu anayepinga jambo la serikali kwenye michezo yetu lazima awe na makelele. Na umeacha kitu. Soko jipya lile liko nyuma ya kijiji, mabasi hayafiki, na goti lake la kushoto halimruhusu kubeba beseni mpaka kule na kurudi. Hilo unalijua, ni wewe uliyenipigia simu mwaka jana kuniambia goti limevimba. Ungeliweka, mchezo ungekuwa mgumu kuumaliza, na maofisa wangekuwa na kazi ya kujibu. Ukaliacha. Mimi nami niliacha kwamba baba alikuwa akilima kwa wenzake.

Huenda soko lile ni jema. Huenda watu watagongwa na malori pale barabarani kama hawahami. Mimi sijui, na sikuandikii ili uikatae kazi. Nenda, umeitafuta muda mrefu, na nchi hii inahitaji watu wanaojua kuandika. Watakupa cha kuandika na mara nyingi kitakuwa cha kweli, na utakiamini, na kuamini si kosa. Hofu yangu ni moja. Wewe una kipaji kunizidi mimi. Ubeti wangu uliishia kijiji kimoja. Wako utakwenda redioni nchi nzima, kwa sauti za waigizaji, na mwezi ujao kila basi litakalosimama Nyololo, abiria watatoa vichwa madirishani na kuita, "Mama Kelele! Mama Kelele!"

Juzi nilimpigia simu Yusta. Nilimweleza habari ya baba yote, tangu penseli mpaka togwa, kwa sababu ni baba yake pia, na mimba ile aliyokuwa akiipepea kivulini ilikuwa ni yeye. Nilidhani atalia au atanikatia simu. Nilisikia malori yakipita. Kisha akasema, "Dada, mimi ubeti ule naujua. Tulikuwa tunarukia kamba. Mpaka darasa la nne nilikuwa naruka kamba kwa ubeti ule pale mbele ya nyumba, na baba amekaa mlangoni anasuka. Hakuwahi kunikataza."

Nililia. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Basi nimefanya jambo bila kukuuliza, na ukikasirika, kasirika, una haki. Mchezo wako hawajaurekodi bado, umesema watauanza ukishafika. Kesho basi lenu litasimama Nyololo abiria wachimbe dawa, nimeongea na kondakta na amesema ni dakika ishirini. Yusta atakuwa pale. Nimemwambia kwamba Atupele ameandika kitu chenye habari zake, na kwamba utashuka umsomee chote kabla hakijakwenda redioni. Ndani yake kuna nini sikumwambia, hilo ni lako. Ukishamsomea, ukitaka kukipeleka hivyohivyo kilivyo, kipeleke, sitakuuliza tena.

Amefurahi mno. Ameniuliza kama avae gauni la kanisani, maana tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kuandika habari zake.

Mama yako